Nahodha Aliyesali Juu ya Minyororo

Desemba 1752, karibu na pwani ya Afrika Magharibi, nahodha mmoja Mwingereza aliandika katika batli ya meli yake kwamba kwa majaliwa ya Mungu ameigundua mapema njama ya watumwa waliotaka kuasi. Katika maandishi ya siku hiyohiyo akaeleza jinsi alivyowatia pingu wavulana aliowashuku, akawabana vidole gumba kwa vyuma ili waseme yote. Shukrani na mateso viliandikwa kwa wino mmoja, kwa utulivu wa mtu anayeandika mwelekeo wa upepo.

Nahodha huyo ni John Newton, yule aliyekuja kutunga "Amazing Grace", wimbo unaowaliza watu wetu msibani na kwenye mikutano ya injili. Madhabahuni tumezoea kumsimulia hivi: aliuza watumwa, dhoruba ikampiga, akaokoka, akaacha. Lakini haikuwa hivyo, na sehemu tunayoiruka ndiyo ninayoona inatuhusu zaidi.

Dhoruba ilikuwapo kweli. Ilikuwa Machi 1748, ndani ya meli iliyoitwa Greyhound. Newton alikuwa na miaka 22, na hata mabaharia walimwona mwenye kinywa kichafu. Maji yalipoingia melini alishika bomba akayapiga nje mpaka nguvu zikamwisha, akamlilia Mungu ambaye siku zote alimdhihaki. Walipona. Tangu siku hizo matusi yalikoma kinywani mwake, akaanza kusoma Biblia na kusali. Hakuwa akiigiza; siku ile aliikumbuka kila mwaka.

Basi kilichofuata ni nini? Mwaka huohuo alirudi baharini, safari hii akiwa msaidizi wa nahodha kwenye meli ya watumwa. Kuanzia 1750 hadi 1754 alikuwa nahodha mwenyewe, akafunga safari tatu kutoka bandari ya Liverpool, Uingereza. Jumapili aliwakusanya mabaharia kwa ibada. Baadaye aliandika kwamba hakuwahi kuonja ushirika mtamu na Mungu kuliko katika safari zake mbili za mwisho za Guinea, yaani pwani ile ya Afrika Magharibi. Naamini alisema kweli, na ndiyo maana jambo hili linaniogopesha. Chini ya mbao alizopigia magoti, watu walilala wamefungwa minyororo wawili wawili, wamebanana hata kugeuka ni shida.

Ukumbuke pia kwamba alikuwa ameionja dhiki hiyo. Akiwa kijana alitumikishwa kwenye kisiwa kimoja karibu na Sierra Leone, akashinda na njaa na homa. Waliomnyooshea mkono ni watumwa waliokuwa minyororoni, wakimletea kwa siri chakula kutoka katika posho yao ndogo. Mtu aliyelishwa na mikono ile ndiye aliyekuja kuifunga pingu.

Ni rahisi kumwita mnafiki na kufunga mjadala. Mnafiki hujua anachoficha. Newton hakuficha kitu, kwa sababu biashara ile katika Liverpool ilikuwa kazi ya heshima, na dini aliyofundishwa ilimwonya juu ya ulevi, matusi na kuidharau Jumapili, naye akatii yote. Ulimi ulikuwa umeokoka. Mikono ilikuwa bado kazini. Hata alipoacha bahari mwaka 1754, si dhamiri iliyomtoa. Ulikuwa ugonjwa wa ghafla uliomwangusha siku chache kabla ya kung'oa nanga. Akawa mtumishi wa forodha, mwaka 1764 akawa mchungaji katika mji mdogo wa Olney, na wimbo wa neema ukaimbwa huko mwanzoni mwa 1773. Juu ya watu wa tumboni mwa meli, hadharani, alinyamaza.

Katika Injili, Zakayo alimkaribisha Yesu nyumbani, na siku hiyohiyo akataja fedha: nusu kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Newton ilimchukua miaka 40 tangu dhoruba ile. Mwaka 1788, akiwa mzee, alichapa kijitabu akaeleza aliyoyafanya na aliyoyaona, vibano vya vidole vikiwamo, kisha akaenda kutoa ushahidi mbele ya watawala. Alikiri kwamba ungamo lake, hata likiwa la kweli, limechelewa mno kuwafaa aliowatesa. Tena alikuwa amekwisha kuandika kwamba baada ya dhoruba ile, kwa muda mrefu, hakuweza kujihesabu kuwa muumini kwa maana kamili ya neno.

Maneno hayo niliyasoma katika mwaka ambao jina langu lilitangazwa kanisani kwa ahadi nono ya ujenzi. Nyumbani tulikuwa na sala kila jioni, na nilijivunia kwamba hatukuikosa. Binti aliyetusaidia kazi alikuwa akisikilizia sala hiyo jikoni, akiosha vyombo, na mshahara wake wa miezi mitatu ulikuwa mikononi mwangu. Nilijiambia anakula na kulala kwangu, fedha atazifanyia nini. Yakobo ameandika juu ya ujira uliozuiliwa ambao kilio chake humfikia Mungu. Maneno hayo niliwahi kuyafundisha kwa akina mama.

Jioni moja nilimwita sebuleni, nikamwomba atuongoze katika sala. Akaishukuru familia yetu mbele za Mungu, mmoja mmoja kwa jina. Kisha akamwombea mama yake aliyekuwa kijijini apate dawa za presha. Akasema amina, akarudi jikoni.

Nilimfuata na bahasha. Alikausha mikono kwenye kanga, akazihesabu noti mara mbili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hizi ni zangu zote? Naweza kwenda kumtumia mama kesho asubuhi, kabla ya kazi?"