Nembo za Mwili na Alama ya Bwana



Katika Walawi 19:28 Mungu aliwakataza Waisraeli wasijichanje kwa ajili ya wafu, wala wasijitie alama miilini. Walikuwa mali ya Mungu aliye hai. Haikuwapasa kuchukua chapa ya mauti.

Lakini wako Wakristo walishikao neno hili wapate kuwadharau wazee wa Kimakonde wenye nembo usoni, hata kunong'ona wanapoikaribia Meza ya Bwana. Jambo hili halifai. Jueni kwanza nembo ni nini. Fundi alichanja ngozi kwa kisu, akasugua masizi ya mbarika katika kidonda. Kilipopona, mistari ikabaki myeusi. Kijana aliyevumilia uchungu ule alihesabiwa kuwa mtu kamili, mwana wa watu wake. Nembo ilijibu swali moja: Wewe u wa nani?

Na vijana wa mijini leo, wachorwao kwa sindano na wino jina la mama au la mchumba, wanauliza swali lilo hilo. Msiwacheke. Wajibuni.

Jibu letu ni ubatizo. Siku ile ulitiwa alama ya msalaba katika paji la uso na kifuani, nayo haikuacha kovu. Basi itaonekana wapi? Paulo asema katika Wagalatia 6:17 kwamba anazo alama za Yesu mwilini mwake, maana yake makovu ya mapigo aliyopata kwa ajili ya Injili. Hakuyatafuta kwa fahari. Yalimpata katika kupenda na kutumika. Naye Bwana alipofufuka hakuyaficha makovu yake, bali alimwonyesha Tomaso mikono yake.

Kwa hiyo, enyi waalimu, msimzuie mtu kwa sababu ya ngozi yake. Bwana hutazama moyo (1 Samweli 16:7), wala hamtaki mzee aubadili uso wake kwanza ndipo aje. Kijana atakaye kuchorwa, mwambieni angoje: moyo hugeuka upesi, wino haugeuki, tena sindano au wembe uliotumiwa na mwingine waweza kuleta UKIMWI na homa ya ini. Akiwa amekwisha kuchorwa, mpokeeni. Mkumbusheni Isaya 49:16, ya kwamba Mungu mwenyewe amewachora watu wake katika vitanga vya mikono yake. Alama hiyo haikuandikwa kwetu, bali kwake. Wala hatutaifuta sisi.

Bwana awalinde. Amina.