Deni la Anayejua Peke Yake

Mkulima wa Nkubu au Runyenjes anapofikisha maziwa kituoni, laktomita humfichua aliyetia maji, na alkoholi humfichua aliyeleta yaliyoanza kuchacha. Penisilini aliyotibiwa nayo ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hupita vipimo vyote viwili. Haionekani, hainuki, na kuchemsha si njia ya kuitegemea kuiondoa. Vipimo vya kuigundua vipo, ila kuvitumia kwa kila mkebe ni gharama kubwa. Vikitumika kwenye tangi, maziwa ya wengi yamekwisha changanyika. Anayejua kama siku za kungoja zilizoandikwa kwenye dawa zimetimia ni aliyekama. Asipoulizwa, ana deni gani?

Mahubiri kuhusu biashara hukimbilia mizani ya haki ya Mambo ya Walawi 19:36. Mimi naona aya inayomhusu mkulima huyu zaidi iko juu kidogo, ya 14, inayokataza kumwekea kipofu kikwazo. Maji humwibia mnunuzi fedha; dawa humfikia mtu asiye na namna ya kuiona, pengine mtoto ambaye mwili wake haupatani na penisilini. Na kwa kuwa kipofu hawezi kumtambua aliyemtega, amri hiyo haisubiri mtu akamatwe.

Atasema mtu: lita zangu tano zitapotea ndani ya tangi. Hesabu yamkana. Kikomo cha kimataifa cha Codex kwa penisilini ni mikrogramu 4 katika kilo ya maziwa. Miligramu moja tu yatosha kufikisha karibu lita 250 kwenye kikomo hicho. Tena jirani yake naye ana hoja iyo hiyo.

Pingamizi zito ni la umaskini. Mwenye ng'ombe mmoja akimwaga maziwa siku kadhaa, karo italipwa na nani? Hapa sikubali kwamba deni linafutika, ila nakubali kwamba si lake peke yake. Ushirika unaomkata fedha aliyepatikana, na usimpe chochote aliyesema kweli mapema, unamfundisha kunyamaza. Afadhali utenge mfuko wa kumlipa sehemu ya bei anayetangaza matibabu kabla ya kukama. Kiwanda kichangie pia: dawa hiyo hudhoofisha bakteria wanaogandisha mala na mtindi, na tangi zima lisiloganda lina hasara kubwa kuliko mikebe michache iliyolipiwa ikamwagwa.