Picha za vita ya 1916: nani alishika kamera?

KILA anayekwenda sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, anawataja wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, bila kujua. Jina limebaki, watu wamepotea. Je, filamu inaweza kuwarudisha kwa picha za kale?

Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka na reli ya Tanga, yakaingia Korogwe, kisha Handeni. Wajerumani wa Lettow-Vorbeck walirudi nyuma huku wakivunja madaraja. Picha za zama zile zipo. Mjerumani Walther Dobbertin alipiga nyingi, na leo zimo katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani. Utaona askari wamejipanga, utaona ofisa, utaona daraja limelala mtoni. Daraja lilikuwa mali ya serikali, likastahili kamera. Ghala la Mzigua lililobaki tupu baada ya jeshi kupita, nani angelipiga picha?

Sasa mtengeneza filamu huokota picha ya wapagazi, asijue ilipigwa wapi, akaipachika chini ya sauti inayosema Handeni. Eti wapagazi ni wapagazi tu! Ndugu msomaji, kadhi gani angempokea shahidi aliyeona jambo jingine, mahali pengine?

Mwaka 2018 Peter Jackson alizitia rangi filamu za makumbusho ya vita ya Uingereza, nyuso za askari wa kule zikawa kama za jana. Mwaka huohuo John Akomfrah aliwakumbuka askari wa makoloni kwa kuchanganya kumbukumbu za kale na maigizo mapya. Mimi namuona Akomfrah kuwa mkweli zaidi, kwani igizo halijifanyi ushahidi.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Aliyenyimwa jina kaburini, tumnyime na mahali alipofia?

Watasema bila picha vijana hawatatazama. Sawa, nami sisemi zifichwe. Nasema iandikwe kwenye skrini nani alipiga na wapi, na kama hapajulikani, iandikwe hivyo. Pasipo na picha, apewe nafasi mzee wa Handeni asimulie aliyoyasikia kwa wazee wake. Akisema babu alichukuliwa kubeba mizigo na hakurudi, skrini ibaki nyeusi mpaka amalize.