Unaenda Wapi, Unatoka Wapi

Je, inafaa kulilia kitu ambacho hakikujengwa kwa ajili yako? Swali hili hunijia kila nikipita Burnt Forest na matatu ya Eldoret. Reli iko karibu. Kuna stesheni ya Ainabkoi, na upande wa Nakuru kuna Timboroa, iliyo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi huko hukuweza kukata tiketi ya kwenda popote.

Tuanze na ukweli mchungu. Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, ilibeba mahindi na ngano ya walowezi, kutoka ardhi ambayo wenyewe walikuwa wamenyang'anywa. Mzungu alikaa daraja la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Kwa hivyo mtu akiniambia zamani mambo yalikuwa poa, namuuliza: poa kwa nani?

Lakini siwezi kuishia hapo. Waliopanda daraja la tatu waliifanya treni kuwa yao. Shangazi yangu, aliyeipanda akienda shule, husema walikuwa wakigawana viazi vya kuchemsha na watu wasioelewana hata lugha. Mkalenjin, Mkikuyu, Mluhya, Mjaluo, wote benchi moja. Karani wa tiketi alikuwa na swali moja tu: unaenda wapi?

Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, watu wa Burnt Forest waliulizwa swali lingine: kwani nyinyi kwenu ni wapi? Jibu likikosekana, nyumba ilichomwa. Wengi wakaishia kwenye mahema.

Sisemi treni ingewaokoa. Reli ilikuwapo 1992 na haikuzuia kitu. Kugawana viazi si kugawana shamba.

Ila naona tofauti ya maswali hayo mawili. La kwanza linakupa haki ya kuwa mahali kwa sababu una safari. La pili linakunyima haki hiyo hata kama ulizaliwa pale. Ninacholilia ni lile swali la kwanza, na naweza kulilia bila kuwasamehe waliojenga.

Basi kabla mtu hajakata ploti kwenye uwanja wa stesheni kuukuu, tuuache uwe wa umma: soko, maktaba, hata benchi tu. Mahali ambapo mtu akiketi, hakuna anayemuuliza kwao.