Rehema ya Nyuma ya Kiwambo

Katika mchezo wa kuigiza wahusika unaochezwa mezani, mwendesha mchezo ana mamlaka ambayo hakuna mfalme aliyewahi kuwa nayo. Akisema mvua inanyesha, inanyesha. Akisema nyuma ya mlango kuna joka, joka lipo, tena lilikuwepo tangu juzi. Wachezaji wanne au watano walioketi naye mezani, kila mmoja na karatasi ya mhusika wake, hawaoni chochote cha dunia ile ila kwa kinywa chake. Mbele yake amesimamisha kiwambo cha karatasi ngumu, na nyuma ya kiwambo hicho kuna ramani, siri za waovu, na dadu ambayo yeye peke yake huiona ikitua.

Sasa jitu limeinua rungu juu ya mhusika aliyebaki darajani ili wenzake wakimbie. Dadu ya pande 20 inatua 19. Hilo ni pigo la kuua. Mwendesha mchezo anamtazama mchezaji ambaye amemlea mhusika huyo kwa miezi mingi, kisha anasema: "Limekukosa." Meza nzima inashangilia, na hakuna anayejua kilichotokea nyuma ya karatasi ile. Wanaofanya hivi ni wengi, na wanafanya kwa mapenzi. Nayaheshimu mapenzi hayo, ila naamini yanamwibia yule yule yanayemhurumia.

Mjadala huu ni mkongwe kuliko majoka. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye Reisswitz alitoa Kriegsspiel, mchezo wa ramani wa kuwafunza maofisa vita. Kila upande uliandika amri zake na kumpa mwamuzi, naye aliwaonyesha yale tu ambayo wangeweza kuyaona wakiwa uwanjani. Dadu na majedwali vilihesabu waliokufa. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alisema majedwali yanachosha na hayatoshi, afadhali mwamuzi mwenye uzoefu aamue mwenyewe. Wazo la mwamuzi mwenye neno la mwisho lilivuka hadi Marekani, na huko Minnesota mwaka 1969 David Wesely aliendesha mchezo wake wa Braunstein, ambamo kila mchezaji alikuwa mtu mmoja mwenye shabaha yake. Dave Arneson, mmoja wa wachezaji wake, aliuingiza mtindo huo katika mapango na uchawi wa mchezo wake wa Blackmoor, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons. Katika kitabu chake cha waendesha mchezo cha 1979, Gygax alimruhusu mwendesha mchezo kuitengua dadu anapoona inafaa. Kwa hiyo anayeigeuza 19 kuwa 12 anaweza kusema ana ruhusa ya mwasisi mwenyewe.

Lakini ruhusa haijibu swali la anachopoteza mchezaji. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha 1978, alieleza kwamba kucheza ni kujitwika kwa hiari vikwazo ambavyo si vya lazima. Neno zito hapo ni hiari. Yule aliyebaki darajani alikubali kwamba jitu linaweza kumuua. Hatari hiyo aliichagua. Ukiiondoa kimyakimya, umetengua chaguo lake bila kumwambia. Na uharibifu unarudi nyuma: kama jitu halikuweza kumuua, kubaki kwake darajani hakukuwa ushujaa. Ataendelea kukisimulia kisa hicho, na kisa chenyewe hakikutokea.

Kuna watakaosema: asilolijua halimdhuru. Sikubali. Mtu anayesifiwa kwa kazi iliyofanywa na mwingine amepunjwa, hata akifa bila kugundua. Isitoshe, mezani watu hugundua. Hawaoni dadu, lakini wanahisi. Wanaacha kuuliza mlango ni mnene kiasi gani. Wanaacha kubishana kama waingie pangoni usiku huu au wasubiri mapambazuko. Ule ukimya unaotangulia dadu kutua unapotea, na mmoja anachukua simu yake.

Verdy du Vernois, hata hivyo, alikuwa na hoja ambayo hatuwezi kuitupa. Mchezaji akisema, "Namwaga mafuta ya taa ngazini," hakuna jedwali litakalomjibu. Hukumu ya mtu inahitajika, na ndiyo kazi hasa ya mwendesha mchezo. Ninachodai ni kwamba hukumu hiyo ina wakati wake, na wakati wake ni kabla ya kurusha. Hapo ndipo aamue kama jambo linastahili dadu au la, namba gani inatakiwa, na kushindwa kutaleta nini: si lazima kifo, huenda ni kutekwa, deni, au kuvunjika mkono. Huruma yote ina nafasi hapo. Lakini akisharusha ametoa ahadi, na mamlaka yake yamehamia mezani.

Toleo la 2014 la Dungeons & Dragons lina kanuni inayoonyesha hili vizuri. Mhusika akiishiwa nguvu na kuanguka, mchezaji mwenyewe hurusha dadu kila zamu yake ifikapo: 10 au zaidi ni heri, chini ya hapo ni shari. Heri tatu, hali yake inatulia. Shari tatu, amekufa. Pale dadu inaporushwa katikati ya meza, heri mbili na shari mbili zikiwa zimeshaandikwa, watu wanainuka vitini. Hakuna hotuba ya mwendesha mchezo inayoweza kuwainua hivyo.

Naye pia anainuka, na hili naliona kubwa kuliko yote. Msimulizi wa ngano anaposema "Paukwa" nasi tukajibu "Pakawa", yeye tayari anajua mwisho wa Sungura. Mwendesha mchezo asiyegusa dadu hajui. Katika Apocalypse World, kitabu cha mchezo cha Vincent Baker cha 2010, anayeendesha hatupi dadu kabisa, na kitabu kinamtaka acheze ili aone kitakachotokea. Anayejipa uwezo wa kubadilisha kila tokeo amejifungia nje ya furaha hiyo. Yuko peke yake, anatunga mbele za watu.

Na kama jitu lilipangwa vibaya, zito mno kwa kundi lile? Basi aseme waziwazi, awaulize kama wanataka kurudi nyuma. Huo ni mkataba mpya, na wana haki ya kuukataa. Wako watakaoukataa, kwa sababu kifo kile ni chao.

Wewe unayeendesha mchezo wiki hii, pigo zito likija, taja namba kwa sauti kabla ya kurusha. Eleza kitakachotokea ikishindikana. Kisha laza kiwambo chako, urushe dadu mbele ya wote.