Kuitetea Dini kwa Habari za Nyota

Baada ya darsa ya Alkhamisi, mmoja katika wanafunzi wetu alitoa simu yake akatuonyesha picha: duara jeusi katikati, limezungukwa na ukungu wa rangi ya moto, na kando yake nukta ing'aayo. Akasema, "Sheikh, hii ni sayari inayoumbwa. Si ndio ule moshi uliotajwa katika Surat Fussilat? Wazungu wenyewe wameisadiki Qurani!" Kabla hatujamjibu, mzee mmoja aliyekuwa akivaa viatu vyake mlangoni alisema kuwa kupeleleza ya mbinguni ni kujitia katika siri za Mola, na kwamba duara lile jeusi ni tundu ambalo hakuna ajuaye lililo ndani yake. Wawili hawa hawakuafikiana, na sisi hatukuafikiana na yeyote kati yao.

Twaanza na picha yenyewe. Nyota hiyo yaitwa PDS 70, nayo imo katika kundi ambalo wanafalaki wa Kiarabu waliliita Qanturus. Nuru yake huchukua kiasi cha miaka 370 kutufikia. Yaani nuru iliyopigwa picha iliondoka huko Wareno wangali ndani ya Ngome ya Mombasa. Umri wake ni kama miaka milioni 5, na jua letu limepita miaka milioni 4,500, basi ile ni kitoto kichanga. Mwaka 2018 wataalamu walioongozwa na taasisi ya Max Planck ya Heidelberg, Ujerumani, kwa darubini kubwa iliyoko jangwani Chile, waliona ndani ya sahani ya vumbi na gesi iliyoizunguka nyota hiyo sayari ya gesi, uzito wake mara kadhaa ya Mushtari, umbali wake na nyota yake kama kilomita milioni 3,000. Na la ajabu ni kuwa haijatimia: ingali yajivutia gesi na kukua. Ama lile duara jeusi, si tundu. Ni kizuizi kilichotiwa ndani ya chombo kuufunika mwanga wa nyota, kama nahodha akingavyo jua kwa kiganja apate kuona chombo kilicho mbali. Mzee wetu alipofahamishwa hayo alicheka, akavua viatu akarudi kuketi.

Kijana ndiye tuliyemhofia zaidi. Mzee hakuijua picha tu; kijana ameifunga imani yake kwenye picha.

Kulikuwa na nyota nyingine, LkCa 15, changa kama hii. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imeonekana kwake sayari inayoumbwa, na mwaka 2015 habari hiyo ikatiliwa nguvu. Mwaka 2019 wachunguzi wengine wakabainisha kuwa mwanga ule ulikuwa wa sahani ya vumbi tu. Wanafalaki hawakuona haya. Kusahihishana ndiyo kazi yao. Lakini je, yule aliyesimama mbele ya watu mwaka 2015 akaitundika aya juu ya nukta ile, mwaka 2019 angesema nini? Angesema Qurani imekosea, hali kosa ni lake? Tumepata kumjua kijana aliyeingia katika shaka kwa mlango huu huu: alipewa hoja mbovu na mtu mwenye nia njema, na hoja ilipovunjika akadhani dini ndiyo iliyovunjika.

Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim mwaka wa 10 wa Hijra, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Lau angenyamaza, nani angemlaumu? Maneno yalikuwa yakimtukuza. Naye akayakataa palepale, katika siku yake ya huzuni, akawafahamisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Kadhi naye hamkubali shahidi wa uongo, hata mdai awe na haki. Na Imam Ghazali, katika Tahafut, aliwaonya wanaozipinga hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi kwa jina la dini kuwa wanaidhuru dini wanayodai kuinusuru. Sisi twaona anayezikumbatia habari za falaki pasi na kuzipima hayuko mbali nao.

Huenda tukaulizwa: je, hatukuamrishwa kutazama mbingu? Tumeamrishwa, na kwa hiyo hatumkatazi kijana simu yake. Lakini kutazama ukastaajabu ni jambo moja, na kumwita mtazamwa mahakamani akutolee ushahidi ni jambo jingine.

Kijana alinyamaza, na tulidhani tumemvunja moyo. Kisha akauliza: "Wamejuaje kuwa ingali inavuta gesi?" Hilo ndilo swali tulilokuwa tukilingoja. Tukamweleza kuwa haidrojeni ikianguka kwa kishindo juu ya sayari hupata moto, ikatoa wekundu maalumu usiofanana na mwingine. Na wekundu huo ulipimwa mwaka 2018, kisha tena mwaka 2019, ilipoonekana na sayari ya pili. Mzee akasogea karibu, akaomba naye aonyeshwe ile nukta iko wapi.