Kupima sukari si kukosa tawakkul

Wapo Waislamu hapa Kihonda wasemao: "Siumwi, nikapime nini? Huko ni kukosa tawakkul." Hoja hii ina kasoro. Sukari ikiwa milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita kabla ya kula, mtu hajapata kisukari wala hahisi lolote, lakini yuko njiani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa kwa watu wa aina hiyo, kupunguza uzito na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki kulipunguza hatari kwa asilimia 58. Basi njia ya kurudi ipo. Mwili ni amana, na mwenye amana hangoji iharibike ndipo aikague. Mwenye kitambi, au mzazi mwenye kisukari, aombe kipimo zahanati, kisha ategemee kwa Allah. Ngamia hufungwa kwanza. Wallahu a'lam.